Roboti za Utengamao na Sayansi ya Neva: Njia ya Taaluma Itazamwapo kutoka Garsen, na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Mji wa Garsen uko katika Kaunti ya Tana River, kwenye barabara itokayo Malindi kuelekea Lamu. Karibu yake unapita Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, ukiteremka polepole katika delta yake hadi kumwaga maji baharini karibu na Kipini. Wakazi wa eneo hili ni Wapokomo, ambao kwa desturi ni wakulima na wavuvi wa kandokando ya mto, Waorma na Wardei ambao ni wafugaji, pamoja na jamii nyinginezo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 315,943 katika kaunti nzima, nayo kaunti hiyo ina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Kwa hiyo ni nchi pana yenye watu wachache, na safari ya kwenda hospitalini huwa ndefu.

Mtu akitaja roboti, akili ya msikilizaji huenda Japani au Marekani, haiji Garsen. Hata hivyo, maradhi yanayotibiwa kwa msaada wa roboti hizo yamo Garsen kama yalivyomo Tokyo. Kiharusi hakichagui mji. Malaria iliyopanda kichwani, ajali ya pikipiki na kuanguka kutoka juu ya mwembe huacha watu wenye mikono isiyonyanyuka na miguu isiyotii. Makala haya yanakusudia kufafanua mambo matatu: kwanza, namna ubongo uliojeruhiwa unavyoweza kujifunza upya, pili, kazi ya roboti katika kujifunza huko na njia ya kitaaluma anayopita mtafiti wa fani hiyo, na tatu, kwa nini jambo hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wao wangedhani haliwahusu hata kidogo.

Mshipa Upi? Tatizo la Istilahi

Achukuliwe mkulima wa kufikirika wa migomba katika kijiji kimoja karibu na Garsen. Siku moja anaamka asubuhi na mkono wake wa kulia haunyanyuki, mdomo umepinda na maneno hayatoki sawasawa. Jamaa zake wanaambiwa kwamba "mshipa umeziba". Wanarudi nyumbani, wanatafuta mafuta, wanaanza kuukanda mkono ule kila jioni. Hawakukosea kwa kutojali. Walifuata neno walilopewa.

Neno "mshipa" katika Kiswahili hubeba maana nyingi. Ni njia ya damu. Ni uzi wa fahamu unaopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Kwa watu wengi ni kano inayouma baada ya kazi ngumu, na katika Pwani ni jina la ugonjwa wa ngiri pia. Katika kiharusi maana mbili za kwanza huhusika kwa zamu: mshipa wa damu huziba au hupasuka ndani ya ubongo, kisha chembe za neva zilizokuwa zikilishwa na damu ile hufa. Jeraha liko kichwani, upande wa kushoto ikiwa mkono uliolegea ni wa kulia, kwa maana kila upande wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili. Mkono wenyewe hauna kasoro. Mfupa ni mzima, nyama ni nzima, damu inapita. Kilichokatika ni amri. Anayekanda mkono anaweza kuufariji, lakini haponyi mahali palipoumia.

Neno la pili lenye uzito ni "kupooza". Neno hilohilo husemwa juu ya tunda linalonyauka kabla ya kukomaa, nalo tunda likishanyauka halirudi kuwa bichi. Hivyo, mgonjwa anapoelezwa kwamba "amepooza", lugha yenyewe huweza kumtia katika kundi la vitu vilivyokwisha. Sayansi ya neva haikubaliani na picha hiyo. Inasema kwamba katika visa vingi sehemu ya uwezo hurudi, na kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi. Kwa mgonjwa ambaye jamaa zake wamekwisha kata tamaa kwa sababu ya neno, miezi hiyo hupita bure.

Hata shughuli yenyewe ya kumrudishia mtu uwezo haijapata jina moja. Wako wanaoiita "ukarabati", neno ambalo wengi hulihusisha na majengo na barabara. Nchini Kenya "urekebishaji" hutumika, ila humkumbusha msikilizaji magereza na vituo vya waliozama katika dawa za kulevya. Nchini Tanzania limeenea neno "utengamao", kutoka kitenzi "tengamaa", yaani kutulia na kuwa katika hali njema. Makala haya yanatumia neno hili la mwisho, kwa kuwa linamtazama mtu mzima na maisha yake, si kiungo kimoja kilichoharibika. Kamusi ya Tiba, iliyochapishwa na TUKI mwaka 2003, ilikuwa hatua muhimu katika kukusanya istilahi za afya. Lakini fani hukua haraka, na kazi ya istilahi haina mwisho.

Ubongo Unavyojifunza Upya

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba ubongo wa mtu mzima haubadiliki: kilichokufa kimekufa. Mwaka 1949 mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alieleza kwamba chembe za neva zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha uhusiano baina yao. Fikra hiyo inaweza kufananishwa na njia ya mguu porini. Ikipitwa kila siku, hupanuka na kukanyagika. Ikiachwa, nyasi huimeza.

Mwaka 1996 Randolph Nudo na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti juu ya nyani wadogo waliopata jeraha katika sehemu ya ubongo inayoongoza mkono. Wanyama waliofanyishwa mazoezi ya kuchukua chakula kwa vidole vya mkono uliodhoofika, walihifadhi eneo la ubongo linaloongoza vidole hivyo, na kwa baadhi yao eneo hilo lilipanuka hadi sehemu za jirani. Kwa maneno mengine, mto ulipozibwa mkondo mmoja ulitafuta mwingine. Watu wa Tana, ambao mto wao umebadili mkondo mara nyingi katika historia, hawahitaji mfano mwingine.

Kutokana na maarifa hayo kanuni tatu zimekubalika. Kwanza, mgonjwa ajaribu mwenyewe. Mkono unaosogezwa na mwingine huku akili imelala haujifunzi sana. Pili, zoezi lifanane na kazi halisi: kushika kikombe, kufunga kifungo, kumenya ndizi. Tatu, marudio yawe mengi. Hii kanuni ya tatu ndiyo ngumu. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake waliripoti kwamba katika vipindi vya kawaida vya tiba walivyovichunguza, mkono wa mgonjwa wa kiharusi ulifanya miondoko ya kazi 32 tu kwa wastani. Katika majaribio ya wanyama, marudio yalikuwa mamia kwa siku.

Roboti Yaingiaje?

Neno "roboti" lilizaliwa katika fasihi, jambo ambalo litawafurahisha wanafunzi wa lugha. Lilitumiwa na mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Katika utengamao roboti inafanya kazi ya shokoa kwelikweli: kurudia, kurudia na kurudia bila kuchoka.

Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, Neville Hogan na Hermano Igo Krebs walianza kuunda mashine iitwayo MIT-MANUS mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mgonjwa huketi mbele ya meza, mkono wake ukiwa umeshikizwa kwenye mkono wa mashine, na kwenye kioo cha kompyuta huonekana alama anayotakiwa kuifikia. Akijitahidi na kushindwa, mashine humsukuma kidogo. Akiweza, mashine hunyamaza na kumfuata. Siri yake ni ulaini: haimlazimishi mgonjwa kama mtambo wa kiwandani, bali humwitikia kama mkono wa mwalimu mvumilivu. Huko Zurich, Uswisi, Gery Colombo na wenzake waliunda Lokomat, ambayo humning'iniza mgonjwa kwa mikanda juu ya mkanda unaotembea na kuiongoza miguu yake katika hatua za kawaida.

Je, mashine hizi huponya? Hapa msomaji hana budi kuwa mwangalifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha wagonjwa 127 ambao kiharusi chao kilikuwa cha zamani. Waliotumia roboti walifanya zaidi ya miondoko 1,000 katika kipindi kimoja. Baada ya wiki 36 walikuwa wamewazidi kidogo wale waliopata huduma ya kawaida. Lakini hawakuwazidi wagonjwa waliofanyishwa mazoezi makali ya kiasi hichohicho na mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwaka 2019 utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza, wenye wagonjwa 770, haukuona kwamba mafunzo ya roboti yaliboresha matumizi ya mkono kuliko huduma ya kawaida ya nchi hiyo. Maana yake si kwamba roboti ni upuuzi. Maana yake ni kwamba roboti si mganga. Kinachofunza ubongo ni zoezi. Mashine ni chombo cha kulizidisha na kulipima.

Somo hili lina faida kubwa kwa mahali kama Garsen, kwa kuwa baadhi ya mbinu zilizothibitika hazihitaji mashine hata kidogo. Edward Taub alibuni tiba ambayo mkono mzima wa mgonjwa huvikwa glavu nene kwa saa nyingi za mchana, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi, huku ukipewa mazoezi makali. Mwaka 2006 utafiti wa wagonjwa 222 nchini Marekani ulionyesha kwamba tiba hiyo iliboresha matumizi ya mkono, na faida ikadumu kwa mwaka mmoja na zaidi. Vilevile Michael Thaut na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba mdundo wa sauti huweza kuboresha hatua za mgonjwa wa kiharusi anayejifunza kutembea tena. Tana River si maskini wa midundo: lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya wenyewe ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto.

Njia ya Mtaalamu

Mwanafunzi anayetaka kuingia katika fani hii hupita baina ya nyumba mbili. Nyumba ya kwanza ni uhandisi: mitambo, umeme, kompyuta na nadharia ya uongozaji wa mashine. Nchini Kenya shahada ya uhandisi wa mekatroniki hutolewa, mathalani, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta na katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Nyumba ya pili ni tiba na sayansi ya neva. Mhandisi asiyejua ubongo huunda mashine nzuri isiyomfaa mgonjwa. Tabibu asiyejua mashine hupokea chochote anacholetewa. Kwa hiyo shahada ya uzamili na ya uzamivu huwa mahali pa kuunganisha nyumba hizo, kisha hufuata miaka ya utafiti chini ya wataalamu waliotangulia, ndipo mtu apate maabara yake.

Safari ya Profesa Michelle Johnson ni mfano mzuri. Alipata uzamivu wake katika uhandisi wa mitambo huko Chuo Kikuu cha Stanford, akafundisha na kufanya utafiti Milwaukee, kisha akaongoza maabara ya roboti za utengamao katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Badala ya kukimbilia mashine ya bei kubwa zaidi, yeye na wenzake walichukua usukani wa michezo ya kompyuta uliouzwa madukani, wakaufanya kifaa cha zoezi la mkono kiitwacho TheraDrive. Mgonjwa "huendesha gari" kwenye kioo, na kumbe anarudia mamia ya miondoko. Baadaye timu yake ilishirikiana na wataalamu wa Botswana ili kuona jinsi vifaa nafuu vinavyoweza kuwafaa wagonjwa wa nchi zenye wataalamu wachache. Swali lake la utafiti lilikuwa la kihandisi na la kiutu kwa pamoja: ni kipi kidogo kabisa kinachotosha?

Somo la Kilifi

Karibu zaidi na Garsen, katika kaunti jirani ya Kilifi, iko programu ya utafiti ya KEMRI na Wellcome Trust iliyoanzishwa mwaka 1989. Miongoni mwa kazi zake ni uchunguzi wa watoto walionusurika malaria ya ubongo, ambao ulionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne hubaki na athari katika mwendo, usemi, kumbukumbu au uwezo mwingine wa akili. Lakini ili kujua kwamba mtoto amerudi nyuma, sharti kiwepo kipimo cha mtoto aliye sawa. Vipimo vilivyokuwapo vilitungwa Ulaya na Marekani, vikitumia michoro na vitu ambavyo mtoto wa kijijini hajawahi kuviona. Mtoto akishindwa kukitambua kitu hicho, je, ubongo wake ni dhaifu au kitu ni kigeni?

Mwanasaikolojia wa Kenya, Amina Abubakar, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia swali hilo. Yeye na wenzake walichapisha mwaka 2008 tathmini ya kipimo kinachojulikana kwa jina la Kilifi, kinachopima mwendo wa mwili na ushirikiano wa jicho na mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 35. Mwaka huohuo alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, na baadaye akaongoza taasisi ya maendeleo ya binadamu katika Chuo Kikuu cha Aga Khan. Kazi hiyo haihusu roboti, lakini inafundisha jambo ambalo kila mhandisi wa roboti atakayefika Garsen atalihitaji: chombo cha kupimia hakihamishwi kutoka nchi moja hadi nyingine kama gunia la mchele. Hutafsiriwa, hujaribiwa kwa wenyeji, husahihishwa, kisha hujaribiwa tena. Na kazi ya kutafsiri ni kazi ya watu wa lugha.

Garsen na Mahitaji Yake

Ikiwa roboti ya utengamao ingeletwa kesho katika hospitali ya Ngao au ya Hola, maswali ya kwanza hayangekuwa ya kisayansi. Umeme ukikatika, itazimika katikati ya zoezi? Kifaa kikiharibika, nani atakitengeneza? Mafuriko yakikata barabara, kama yalivyofanya mwaka 1997 na tena mwishoni mwa mwaka 2023, mgonjwa atafikaje? Nairobi ndiko iliko hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo, na ni mbali mno kwa mtu asiyeweza kuketi wima ndani ya basi. Ndiyo maana kifaa kinachofaa delta huenda kikawa kile kinachobebeka, kinachotumia betri, na kinachoweza kutengenezwa na fundi wa Malindi au Mombasa.

Lakini hata kifaa hicho kitasema na nani, na kwa lugha gani? Nyumbani mgonjwa husema Kipokomo, ambacho pamoja na Kiswahili, lugha za Mijikenda, Kiilwana na Kikomoro huwekwa na wanaisimu katika kundi moja la Kisabaki. Au husema Kiorma, ambacho ni lugha ya Kikushi isiyo na nasaba na Kiswahili. Mhudumu wa afya huenda ametoka kaunti nyingine kabisa. Mahali pa kukutania ni Kiswahili. Kama Kiswahili hicho kina neno moja "mshipa" kwa mambo manne, mashine ya mamilioni itashindwa pale pale yaliposhindwa mafuta ya kukandia.

Aidha, mashine nyingi humwongoza mgonjwa kwa maagizo: nyoosha, shika, achia, pumzika. Huonekana ni maneno mepesi. Hata hivyo mgonjwa aliyeumia sehemu ya ubongo inayohusika na lugha huweza kuelewa agizo fupi la neno moja na kushindwa kuelewa sentensi yenye viambishi vingi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli ndani ya neno moja. Ni agizo la umbo gani linalomfikia mgonjwa huyo kwa wepesi zaidi? Hilo ni swali la mofolojia, na mhandisi hawezi kulijibu peke yake.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mkono uliolala kwa kiharusi haujafa, kwamba ubongo hujifunza kwa marudio mengi yenye maana, na kwamba roboti ni chombo cha kuyazidisha marudio hayo wala si mbadala wa mtaalamu. Yameonyesha pia kwamba njia ya taaluma hii huanzia katika uhandisi au tiba, lakini haiwezi kufika kijijini bila kupita katika lugha.

Ipo kazi ambayo wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuianza bila kusubiri mashine yoyote. Wanaweza kukusanya maneno ambayo watu wa Garsen, Ngao na Kipini huyatumia kuelezea ganzi, kulegea, kukakamaa na kizunguzungu, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Wanaweza kuandika maelezo mafupi ya kiharusi yanayotenganisha mshipa wa damu na mshipa wa fahamu, na kuyajaribu kwa wasikilizaji wasiosoma kabla ya kuyachapisha. Wanaweza kupendekeza istilahi, na kukubali zikataliwe pale zisipoeleweka. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mkulima yule wa migomba hataki kujua nani aliunda roboti. Anataka kuambiwa, kwa maneno anayoyaelewa na mapema iwezekanavyo, kwamba mkono wake bado unaweza kufundishwa, na kwamba zoezi la kwanza lianze leo.